Malaika Mwenye Tundu

Tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye dirisha la posta, kati ya mtu aliyekuwa akiuza kitanda cha mtoto na mwingine aliyepotelewa na paka. Kadi ndogo, mwandiko wa kizee unaotetemeka. *Sarafu moja ya dhahabu, ya kale. Anayeitaka aje mwenyewe, kabla ya giza. Bi E. Skyrme, Hendre.*

Niliisoma mara mbili, nikaichomoa ile kadi na kuitia mfukoni ili mwingine asiione.

Naitwa Avril Preece. Mwaka ule nilikuwa na miaka hamsini na miwili, mpishi wa shule ya msingi hapa Kington. Mume wangu Mervyn alikuwa akifanya kazi kwenye machimbo ya mawe. Ndio mwaka benki kubwa zilipoyumba, watu wakawa wanalala hawajui kama akiba zao zitakuwepo asubuhi. Mimi nilizitoa zangu zote nikaanza kununua dhahabu. Si mikufu wala pete. Sarafu za kale za nchi yetu, sovereni za Malkia Victoria, za mwanawe, za mjukuu wake. Mojamoja, kadiri nilivyojaliwa. Nilizificha kwenye kopo la biskuti chini ya ubao wa sakafu, stoo.

Mervyn alikuwa hanipi nafasi ya kupumua.

"Mama tajiri," alikuwa akisema akivua viatu vyake vya kazi, "leo umenunua mfalme yupi?"

"Nunua sabuni wewe, unanuka kokoto."

"Sabuni hailiki. Na dhahabu pia hailiki. Sisi tutakula nini, Avril?"

Nilicheka naye, lakini kazi yenyewe niliifanya kwa dhati. Mzee Tudge, muuza sarafu wa Leominster, ndiye aliyenifundisha. Pima uzito kwanza. Tazama ukingo. Usioneshe uso wa furaha mbele ya muuzaji. Na sarafu yenye tundu, mwambie mwenyewe haina thamani, hata kama si kweli.

Siku ile nilitoka shuleni saa tisa na nusu alasiri. Desemba, jua lilikuwa limeshaanza kuzama nyuma ya vilima vya Wales. Hendre ni nyumba moja tu, juu kabisa, mwisho wa njia isiyo na lami. Niliendesha taratibu kwa sababu ya barafu. Kondoo walikuwa wamejibana ukutani, wote wamegeukia upande mmoja.

Hawakuitazama nyumba.

Bi Enid Skyrme alifungua mlango kabla sijabisha. Mwanamke wa miaka themanini hivi, mwembamba, aproni safi, macho mekundu ya mtu asiyelala. Aliniketisha jikoni, akanimiminia chai, akanikatia keki ya zabibu kavu. Jiko la kuni lilikuwa likiwaka, lakini chini ya harufu ya moshi kulikuwa na harufu nyingine. Kitambaa kilichooza. Maziwa yaliyochacha.

"Umekuja peke yako?" aliuliza.

"Peke yangu."

"Na umeitaka mwenyewe? Hujatumwa?"

"Nimeitaka mwenyewe, Bi Skyrme. Ninanunua kama akiba."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia jibu alilolisubiri. Akainuka. "Ningoje hapa."

Nikamsikia akipanda ngazi. Mbao zililia. Kisha kimya. Kisha nikasikia pumzi... si yake. Pumzi ndefu, nzito, yenye kukwaruza, kama mtu anayevuta gunia la mawe sakafuni. Ilikuwa juu ya kichwa changu hasa.

Halafu sauti. Nyembamba mno. Sikujua kama ni ya mwanamume au ya mtoto.

"Enid... mfalme amefika?"

"Bado, kaka. Lala."

"Wamesogea?"

"Hawajasogea. Lala, mpenzi. Lala."

Chai ilikuwa imepoa mkononi mwangu nisijue.

Alirudi amefumba ngumi. Akaifungua mezani, chini ya taa.

Nilikuwa nimeziona picha tu. Sarafu iitwayo Malaika, pana, nyembamba kama jani. Upande mmoja, malaika mkuu akimchoma joka kwa mkuki. Upande wa pili, meli. Na jina la Charles wa Kwanza, yule mfalme aliyekatwa kichwa. Juu kabisa ya kichwa cha malaika palikuwa na tundu, na kwenye tundu utepe uliokuwa mweupe zamani.

Nikaichukua.

Ilikuwa ya moto.

Si moto wa ngumi ya mtu. Moto wa kitu kilicholala kifuani pa mtu usiku na mchana. Na utepe ulikuwa na unyevu. Jasho. Nilijua pale pale imetoka shingoni mwa nani, na kwamba mwenyewe hakuulizwa. Nilijua. Sitasema leo kwamba sikujua.

"Ina tundu," nikasema.

"Naona."

"Tundu linaua bei, Bi Skyrme. Ningekuwa mwingine nisingeinunua kabisa. Nitakupa pauni mia moja na ishirini."

Hata kwa tundu lake ilikuwa na thamani ya mia tisa. Nilimtazama machoni nilipokuwa nikisema. Naye akanitazama, muda mrefu, na kitu fulani usoni mwake kikalegea. Nilidhani ni shida za fedha. Nikajiona hodari.

"Haya," alisema. "Inama."

"Kwa nini?"

"Nikufunge. Njia ina barafu. Ukiidondosha kwenye theluji hutaiona tena."

Niliweka noti mezani, nikainama. Vidole vyake vilikuwa baridi kama bomba la maji. Alifunga fundo moja, akaongeza la pili. Malaika akateleza ndani ya blauzi yangu na kutulia kifuani.

Juu, ile pumzi ikakatika.

Sikusikia tena kitu. Bi Enid aliinua uso akaitazama dari, midomo imekaza, machozi yanamtoka bila sauti.

"Nenda," alinong'ona. "Nenda sasa hivi, kabla sijabadili mawazo. Nenda!"

Nilikwenda. Ile keki nilikuwa bado nimeishika mkononi nilipofika kwenye gari.

Nyumbani nilikuta Mervyn anakaanga soseji. Nikaweka mizani mezani, nikaufungua utepe, nikaivua.

"Ehe," alisema, "leo mfalme amekuja na kamba yake mwenyewe."

"Gramu nne na kidogo. Tazama, Mervyn, ni..."

Sikumaliza. Koo lilinibana. Nilidhani nimepaliwa na mate. Nikapeleka mkono shingoni, chini ya taya, na mkono ukakutana na kitu ambacho asubuhi hakikuwepo. Duara. Gumu. Kama jiwe la kijitoni chini ya ngozi.

Kikawa kinakua.

Nilikihisi kikikua chini ya vidole vyangu. Na cha pili upande wa pili. Harufu ikajaa jikoni, ile ile, ya kitambaa na maziwa. Na nje, kwenye kokoto za njia yetu, nikasikia miguu. Si ya mtu mmoja. Miguu mingi iliyokuwa ikiburutwa taratibu. Mtu akakohoa. Mwingine akakohoa. Sauti ikasema, kwa subira, kama mtu aliye dirishani benki...

"Sogea."

"Avril! Mungu wangu, shingo yako!" Mervyn alikuwa ameangusha kikaango.

Sijui nani aliniambia. Hakuna aliyeniambia. Mkono wangu wenyewe uliinyakua ile sarafu na kuibana shingoni, na Mervyn, bila kuelewa, akanifunga utepe kwa vidole vyake vyenye mafuta. Tukasimama hivyo tumeshikana. Vile vinundu vikanywea, kama barafu kwenye maji ya moto. Miguu ikanyamaza.

"Umesikia watu nje?" nilimuuliza.

"Watu gani?"

Alichukua tochi akatoka. Alirudi akisema hakuna mtu, wala alama ya kiatu.

Asubuhi nilikwenda Leominster. Mzee Tudge alikuwa anafungua duka. Nilimwonesha sarafu ikiwa ningali nimeivaa, naye akavaa jichoni kilenzi chake cha kukuzia na kuinama karibu.

"Lo! Avril, hii ni ya kuguswa."

"Kuguswa vipi?"

"Zamani kulikuwa na maradhi ya matezi ya shingo. Watu waliamini mfalme akikugusa utapona. Basi wagonjwa walipanga mstari, mamia, wakangoja hata siku kadhaa. Mfalme anampapasa mmojammoja shingoni, kisha anamvika Malaika kwa utepe mweupe. Ndiyo maana ina tundu. Tundu hili ndilo historia yenyewe." Akacheka. "Waliamini pia ukiiuza, maradhi yanarudi. Ivue basi niipime. Nitakupa mia tisa, leo leo."

Nilifungua utepe. Nataka muelewe kwamba nilikuwa nimeshaona yaliyotokea jikoni, na bado, niliposikia mia tisa, niliufungua.

Safari hii vilikuja haraka zaidi. Niliuona uso wa Mzee Tudge ukibadilika rangi. Nyuma yangu, mlangoni pa duka, watu walianza kukohoa. Niliposikia "sogea," ilikuwa imetoka karibu sana, na pumzi yake ikanigusa sikio.

Mzee Tudge hakuigusa sarafu. Aliisukuma kwa kalamu hadi kwangu.

"Funga," alisema. "Funga, dada yangu. Funga haraka, utoke dukani kwangu."

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja Hendre. Gari la maiti lilikuwa uani. Wanaume wawili waliovaa suti nyeusi walikuwa wakitoa jeneza la kawaida, la mtu mzima, lakini walilibeba kama wanaobeba kreti tupu la mayai. Mmoja alimwambia mwenzake kwa sauti ya chini, "Una hakika yumo?"

Bi Enid alikuwa ameketi jikoni na koti lake limefungwa vifungo vyote. Sanduku lilikuwa miguuni pake.

"Ulijua," nilimwambia.

"Nilijua."

"Kaka yako..."

"Mimi nilimwita kaka. Mama yangu naye alimwita kaka. Na bibi yangu." Alizungumza polepole, hana haraka tena na chochote. "Karatasi zinasema ana miaka tisini na saba. Karatasi hizo aliziandikisha baba yangu, akakadiria tu. Alikuwa mwepesi kama kifaranga, mama. Macho yalikwisha zamani. Meno, nywele, vyote. Pumzi tu haikwisha."

"Mngemvua tu! Kwa nini..."

"Unafikiri sikumvua? Nilimvua mara nyingi. Alilia kama mtoto anayechomwa. Nikamrudishia. Mama alimrudishia. Bibi alimrudishia. Kila mmoja alimpenda akamrudishia." Alifuta pua kwa kitambaa. "Nilitaka iwe mbali. Nisiweze kuifikia hata nikitaka."

"Lakini kwa nini ulinifunga mimi shingoni? Si ungenipa tu mkononi?"

"Ungeirudisha. Ungepata usingizi mbaya, ungeirudisha. Aliyeivaa hairudishi."

"Mimi nimekukosea nini?"

Hapo ndipo alipoinua macho.

"Hukunikosea. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kukufukuza. Kweli kabisa. Nilikuonea huruma ulipoingia, na viatu vyako vya kazi. Halafu ukanitaja bei, huku unanitazama machoni. Nikasema moyoni, huyu nitaweza kumfunga."

Nje mlango wa gari la maiti ulifungwa.

"Wale wanaokohoa ni akina nani?" niliuliza.

"Ni foleni. Wanangoja. Ukiivaa umeingia, ukiivua wanasogea." Alisimama akachukua sanduku lake. "Mfalme hayupo tena, mama. Lakini foleni haijui."

Alikwenda kwa mpwa wake Swansea. Miezi miwili baadaye nikasikia amefariki usingizini. Alikuwa analala, waliniambia, saa kumi na mbili kwa siku, kama mtu anayelipa usingizi wa maisha yote.

Nilikwenda hospitali Hereford. Walinipiga picha, wakachukua damu, wakachoma sindano shingoni. Hakuna kitu. Shingo safi. Daktari mmoja kijana alitaka nivue utepe wakati wa kipimo, nikamwambia ni wa marehemu mama yangu, akaniacha.

Basi tukaishi. Mtu huzoea. Niliuza sovereni zangu zote, kopo likabaki tupu, sikutaka tena kushika dhahabu ya mtu nisiyemjua. Mervyn hakunitania tena kuhusu wafalme. Jioni, giza likianza kuingia, alikuwa akiwasha redio kwa sauti kubwa. Hatukuwahi kuzungumza sababu yake.

Miaka minane ikapita. Kisha mapafu ya Mervyn yakaanza kulipa vumbi la machimbo. Alikonda. Walimpa mtungi wa oksijeni, kisha wakamrudisha nyumbani, na muuguzi akaniita pembeni akaniambia ni suala la siku.

Nilikaa naye. Ikafika alfajiri moja ya Machi, kijivu, ndege wanaanza kulia. Alikuwa amelala kinywa wazi, na pumzi yake ilikuwa ikikwaruza, ndefu, nzito. Niliwahi kuisikia pumzi kama hiyo. Nilivumilia hadi nikashindwa.

Nikaufungua utepe. Nikamfunga yeye.

Kifua chake kilipanda kama cha kijana. Rangi ikarudi midomoni. Naye akafungua macho, akavuta hewa moja, mbili, akaishangaa, akatabasamu. Miaka mitatu sikuwa nimemwona akitabasamu bila kukohoa.

"Avril," alisema. "Naweza kupumua."

Nilitaka kumjibu. Sauti haikutoka. Vinundu vilikuwa vimeshaniziba, shingo yangu imekuwa pana kuliko uso. Nilipiga magoti kando ya kitanda. Ngazi zetu zilikuwa zimejaa watu. Niliwasikia wote, wazee, watoto, mama anayembembeleza mtoto, viatu vya mbao. Walikuwa wamefika mlangoni pa chumba.

"Sogea. Sogea. Zamu ya huyu."

Mervyn aliniona. Akashika kifua chake, akaikuta sarafu. Akaelewa yote.

"Kichwa maji wewe," alisema kwa upole. "Nani alikutuma?"

Akaanza kufungua fundo. Vidole vyake vilikuwa na nguvu kuliko miaka yote ya karibuni. Nilikuwa na nafasi ya kumshika mkono. Alikuwa karibu, nami nilikuwa bado naona. Ningeweza kumshika mkono, nikatikisa kichwa, akaelewa. Angepinga, lakini ningeweza.

Sikumshika mkono.

Niliinamisha shingo.

Nimewasimulia watu wawili habari hii kabla yenu, na wote wawili waliuliza kuhusu miguu na kikohozi. Hakuna aliyeuliza kuhusu shingo yangu. Iliinama yenyewe, upesi, kama ya kondoo anayejua mlango wa zizi. Mervyn akanifunga, akanibusu kichwani. Akalala chali na ile pumzi mbaya ikamrudia. Alichukua siku nne. Siku ya mwisho alinitania mara moja, akasema soseji za muuguzi ni bora kuliko zangu.

Sasa nina miaka sitini na minane. Nimejaribu kuivua mara tatu tangu tumzike, peke yangu, mlango nimeufunga. Mara zote nimeirudisha. Mara ya mwisho sikufikisha hata kuhesabu kumi.

Wiki iliyopita nilikuwa na miadi ya kawaida kwa daktari mpya, Dokta Bethan Lewis, msichana mchangamfu. Alinipima presha, moyo, mapafu, macho. Alirudia vipimo vingine akidhani mashine imekosea. Kisha akazungusha kiti chake, amefurahi kweli, akanipa mkono wa pongezi.

"Bi Preece, unakula nini wewe? Moyo huu ni wa msichana wa miaka ishirini."

Nilimuuliza, kwa macho yake ya kitaalamu, anadhani nimebakiza miaka mingapi.

Akacheka. Alikuwa anamaanisha jema, maskini.

"Kwa kweli," alisema, "sioni mwisho."